Gia Ndogo

Tuliondoka Malindi na taa moja,
ya kushoto imekufa tangu Pasaka.
Daraja la Sabaki likatupokea kwa mtikisiko,
mto chini ukiteremka na udongo wa watu wa bara.
Mama mkwe, Bi Nyevu, kakaa kando yangu
na magoti yake mawili kama mizigo ya mtu mwingine,
kayapaka mafuta ya mbarika, kayafunika kwa kimya.

Leso aliyovaa naijua.
Huivaa kila niendapo kwake:
NIMEKUONA MAPEMA NIMENYAMAZA.
Herufi nyeusi, pindo la rangi ya ukwaju.
Miaka minne nazisoma huku nikiosha vyombo.

Mwanawe yuko zamu Gongoni, kwenye chumvi.
"Nani ataendesha?" aliuliza jana, akiutazama mlango, si mimi.
Nikamwambia nilijifunzia lori la chumvi,
tani kumi, breki za kubahatisha.
Landrova hii ya marehemu baba mkwe
mlango wake umefungwa kamba ya katani,
lakini gia ndogo ipo.

Marafa tukaiacha, na barabara ikatuacha sisi.
Kilichobaki ni alama mbili za matairi
zinazogombana na nyasi,
michongoma ikikwaruza bati kwa kucha,
mawe ya ukubwa wa vichwa vya mbuzi.
Digidigi mmoja akasimama, akatutazama
kama karani amtazamavyo mtu asiye na stakabadhi.
Nikakanyaga klachi,
nikavuta ule mkono mfupi wenye kichwa chekundu,
injini ikashusha sauti yake tumboni,
tukaanza kutambaa.
Gari likiinama upande wake, Bi Nyevu hushika kamba ya mlango;
likiinama upande wangu, hushika bega langu,
kisha huliachia haraka, kama aliyeshika sufuria.

Saa tatu rejeta ikachemka.
Mvuke ukafunika kioo chote.
Nikashuka na tambara, nikitafuta la kusema.
Yeye ndiye aliyesema:
"Kumbe chemchemi tumekuja nayo!"
Akacheka. Sikuwahi kuliona lile jino lake la pembeni.
Tukaipa rejeta maji yote ya kunywa
isipokuwa kikombe kimoja. Tukagawana.

Kisha laga, kavu, mchanga laini kama unga wa muhogo.
Nikapunguza upepo wa matairi,
kila moja nikilihesabia hadi ishirini.
Tulifika katikati tu.
Gurudumu la nyuma likajichimbia kaburi.
Nikafukua kwa kifuniko cha sufuria, nikalaza matawi,
likayatafuna, likayatema.
Ndipo aliposhuka, goti moja, kisha la pili,
akaivua leso mabegani
akaitandika mbele ya tairi, akanyoosha pindo
kama anayemtandikia mgeni.
"Polepole," akasema. "Usiiogope."
Sijui alimaanisha laga au leso.

Chemchemi yenyewe haina makuu.
Madimbwi matatu chini ya mikoma,
harufu ya yai lililosahauliwa jikoni,
magadi meupe ukingoni,
na kiatu kimoja cha mtoto, plastiki ya buluu.
Dimbwi la kwanza linachoma, la pili linatisha,
la tatu ndilo la watu.
Akaingia na gauni lake. Magoti yakazama.
Akafumba macho, akatukana kwa Kigiriama,
tusi refu, la raha.

Mimi nilikaa juu ya jiwe, leso mapajani.
Tairi liliirarua katikati ya jina.
Kipande kimoja kimezikwa kule lagani.
Mkononi nimebaki na neno moja:
NIMEKUONA.

"Nitakununulia nyingine," nikasema.
"Wacha," akajibu, hakufumbua macho.
"Vua viatu. Na yako yatazeeka."

Dumu la rejeta nimeshalijaza,
liko kivulini, linapoa.
Sisi bado.